Mwenye Sura ya Willy

— Mungu wangu! Ni wewe?

Yolande aliinua macho kutoka kwenye glasi yake ya Fanta. Mtu aliyesimama mbele ya meza yake, kwenye baraza la mgahawa mmoja wa Nguba, mtaa wa Bukavu, alivaa kofia nyekundu kama walivyopatana kwa simu. Ila hakuwa "Ingénieur Rico, miaka thelathini na nane, célibataire, anapenda Mungu na safari". Alikuwa Papa Constantin, mkubwa wa kwaya ya parokia yao, mume wa Maman Sophie, mtu aliyemfundisha Yolande kuimba sauti ya pili tangu akiwa na mapengo.

— Papa Constantin?

— Yolande? Mutoto ya Marcelline?

— Ndiyo, njo mimi, papa. Mukae. Munakunywa nini?

— Hapana, hapana. Mi nilikuwa napita tu.

— Na kofia nyekundu?

Mzee akaivua haraka, akaificha mgongoni.

— Jua, binti yangu. Jua iko kali.

Mawingu yalikuwa yamelalia mji tangu asubuhi.

— Na ile foto, papa? Kijana wa costume na tai?

— Njo mimi vilevile. Ya zamani, mbele ya vita ya kwanza.

Yolande hakujua acheke au alie. Papa Constantin akainama, sauti ikawa ya kuungama.

— Usimuambie Maman Sophie.

— Mi sitamuambia. Mutamuambia wenyewe. Mukikawia, papa, nitaimba, na munajua sauti yangu inafika mbali.

Jioni hiyo binamu yake Olive, ambaye ndiye aliyemshauri aingie kwenye programu ile ya kutafutia wachumba, alicheka mpaka akajishika mbavu.

— Mukubwa wa kwaya! Yolande, una bahati ya ajabu.

— Wewe cheka. Mi nimechoka.

Na kweli alikuwa amechoka. Yolande alifundisha kemia katika shule ya sekondari, lycée moja ya Bukavu, aliishi na mama yake mjane, na wanaume wa rika lake vita ilikuwa imewatawanya: huyu Bujumbura, yule Kampala, mwingine hakuna anayejua alipo. Waliobaki kwenye simu walikuwa wa namna yao. Mmoja alimwandikia "Bonjour" kila siku na hakuwahi kuongeza neno la pili. Mwingine alimwita chérie wiki nzima, kisha akamwita kwa jina la mwanamke mwingine, kisha akakasirika yeye. Kuna aliyetuma picha ya mwili wake bila kuombwa, na kuna aliyeuliza, hata kabla ya salamu, kama ana ndugu Ulaya wa kumchukua.

— Moja ya mwisho, Olive akamsihi. Jaribu moja tu ya mwisho. Kisha ufute.

Ya mwisho ikawa Willy.

Picha ilimwonyesha mwanaume mwenye koti jeupe la kazi, mikono ya shati imekunjwa, milima ya ukungu nyuma yake, anacheka kama mtu aliyeambiwa jambo na mtu asiyeonekana. "Docteur Willy. Niko kazi Shabunda." Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa hivi: "Bonjour Yolande. Sitasema juu ya uzuri wako, wengine wamekwisha kusema. Niambie, leo ulifundisha nini?"

Hakuna mwanaume aliyewahi kumuuliza hilo. Akamjibu kwa kirefu, mambo ya asidi na chumvi. Willy akauliza swali la pili, na la maana. Siku zikaenda. Yolande akimwomba waonane kwa video, Willy alisema huko msituni connexion ni ya kukopa kwa mawingu. Yolande aliamini. Alimwonyesha mama yake ile picha, na Maman Marcelline akaiweka simu mbali na macho, akaitazama sana.

— Huyu iko na macho ya mutu mwenye kulala vizuri, akasema. Anakuya lini?

— Vita ikipoa, maman.

Vita haikupoa. Ilishuka kutoka upande wa Goma, ikapita Kavumu ambako ndege ziliacha kutua, ikaingia Bukavu. Shule zikafungwa, benki zikafungwa. Yolande na mama yake walilala chini kwenye korido, godoro limeegemezwa dirishani. Simu ikatetemeka mkononi mwake.

"Uko chini?"

"Niko chini."

"Usisimame. Mi niko naogopa pamoja na wewe."

Maneno hayo alikaa nayo kama mtu anavyokaa na moto. Risasi zilipoisha na mji ukapata wakubwa wengine, shule zikafungua tena, na Yolande alijua kwamba moyo wake hauko tena mikononi mwake.

Ndipo ukaja ujumbe aliokuwa akiungoja.

"Yolande, nimetoka Shabunda kwa miguu. Niko juu Cimpunda kwa kaka yangu. Sina karatasi, siwezi kuonekana mu mji. Samedi, simama chini kwa kituo cha moto, pale pa pikipiki. Motard wa gilet ya manjano kifuani atakupandisha kwangu. Usiambie mutu. Hata maman."

Olive alipoisoma, kicheko kilimpotea usoni.

— Juu ya nini usiambie maman?

— Anaogopa. Ulisoma? Hana karatasi.

— Yolande, batu banapotea mu hii mji. Banakamata mutu, banapigia familia simu, banaomba pesa. Unajua.

— Huyu hakuniacha siku za masasi, risasi zikilia, Olive. Mi siwezi kumuacha.

Jumamosi akaenda. Alipita kwanza soko la Kadutu kununua sambaza kavu, dagaa wa ziwani, kwa sababu Willy aliwahi kumwandikia kwamba huko msituni anaota sambaza. Alikuwa akifunga mfuko wake alipoinua kichwa, na mbele ya wauza kuku akamwona.

Yeye mwenyewe. Sura ile, cheko lile. Alikuwa ameshika kuku wawili, mmoja kila mkono, anamwambia mama muuzaji jambo juu ya macho yao.

— Willy!

Hakugeuka.

— Willy! Ni mimi!

Akamfikia, akamshika mkono wa shati. Mwanaume akageuka, akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

— Madame, mumenifananisha.

— Willy, usinifanyie vile. Mi ni Yolande. Ulisema unajificha Cimpunda, kumbe unatembea mu soko?

— Yolande nani? Mi naitwa Léopold. Léopold Mushagalusa, docteur vétérinaire wa Kavumu. Tangu vita niko hapa kwa dada yangu.

— Bongo! Yolande akapaza sauti. Uongo tupu! Hii ni nani?

Akamwekea simu mbele ya macho. Léopold akaitazama picha, na uso wake ukabadilika.

— Hii ni mimi, akasema polepole. Ni siku ya chanjo. Lakini hapa pembeni kulikuwa ng'ombe. Mutu amemutoa ng'ombe mu foto.

Na wakati huohuo, wakiwa wote wawili wameinamia kioo, simu ikatetemeka. Ujumbe ukajiandika chini ya picha:

"Chérie uko wapi? Motard amekwisha kufika. Fanya mbio."

Yolande akatazama ujumbe. Akatazama mikono ya Léopold. Mkono wa kushoto kuku, mkono wa kulia kuku.

— Maman yangu, akanong'ona.

Mama muuzaji akavuta kiti cha plastiki, akamkalisha. Léopold akarudisha kuku kwenye tenga, akachuchumaa mbele yake.

— Alikuambia uende wapi?

— Juu. Cimpunda. Na motard.

— Na nani anajua?

— Hakuna mutu. Binamu yangu tu. Willy aliniambia nisiseme.

Léopold akavuta pumzi ndefu, akakaa chini kabisa, palepale kwenye vumbi la manyoya.

— Mumuandikie kama maman ni mugonjwa. Asijue kama munajua. Kisha mutarudi nyumbani, mi nitawasindikiza mpaka kwa taxi. Samahani, madame. Sijafanya kitu, lakini naona haya kama nimefanya.

Kwenye kituo cha taxi Yolande alilia bila kujificha. Si hofu iliyomliza, ilikuwa aibu, na ule upweke wa kufiwa na mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Kabla ya kuingia garini akamsukumia Léopold mfuko wa sambaza.

— Muchukue. Ilikuwa ya Willy.

Léopold akafikiri kidogo.

— Sura iko ya kwangu, akasema. Basi nitakula. Na mushike namba yangu. Kama huyo mutu akiandika tena, munipigie.

"Willy" hakuandika tena. Aliambiwa mama ni mgonjwa, akanyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Lakini siku shule ilipofunguliwa baada ya wikendi, Carine, mwalimu kijana wa Kifaransa, aliingia chumba cha walimu amesuka upya, amevaa gauni jipya, robe ya kijani, na macho yanacheka peke yake.

— Yolande, leo nakutana na bwana yangu! Fiancé! Anaitwa Patrick. Amekuya kutoka Shabunda kwa miguu kwa ajili yangu.

Yolande akasimama.

— Nionyeshe foto.

— Niko na haraka, motard ananingoja. Nitakuonyesha kesho.

— Carine, nionyeshe!

Carine alikuwa amekwisha kutoka getini. Yolande akampigia. Simu ikalia, ikakatwa. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Akampigia Léopold.

— Docteur, uko wapi?

— Kadutu, kwa bale ba maman ba kuku. Iko nini?

— Kuna mwingine! Ni mwalimu mwenzangu. Anaenda sasa hivi kwa ule motard. Robe ya kijani. Mi niko mbali, sitamufikia. Docteur, kimbia pale barabara inaanza kupanda, usimame katikati!

— Nisimame? Nimuambie nini?

— Usiseme kitu! Akuone tu!

Yolande akarukia pikipiki ya kwanza aliyoiona. Ilipofika chini ya kilima cha Cimpunda, alikuta jambo ambalo wauza ndizi wa pale wanalisimulia mpaka leo. Léopold alikuwa katikati ya barabara, koti jeupe, mikono imepanuliwa kama anazuia ng'ombe. Pikipiki ya gilet ya manjano ilikuwa inamjia, Carine nyuma.

— Patrick! Carine akapiga kelele. Simamisha! Simamisha, ni bwana yangu ule!

Dereva hakusimamisha. Akaongeza moto.

— Nasema simamisha! Unapita bwana yangu?

Akaanza kumpiga dereva kwa mkoba, kichwani, mgongoni, masikioni. Pikipiki ikayumba, ikapunguza mwendo kwenye matope, na Carine akaruka. Kiatu kikabaki njiani. Akakimbia na kimoja, akamrukia Léopold shingoni.

— Patrick yangu! Mungu iko!

Wauza ndizi wakapiga vigelegele. Dereva akageuka, akaona watu wanajaa, akainama juu ya usukani na kupotea mlimani. Léopold, msichana mzima ananing'inia shingoni mwake, alimtazama Yolande juu ya bega la Carine.

— Na huyu naye, akauliza, nimuambie nini?

Walimwambia ukweli wakiwa wameketi nyuma ya ndizi. Carine alikataa kwanza, akamshika Léopold kidevu, akamlazimisha aseme neno. Kisha akawasha simu, akaona ujumbe unaingia: "Patrick" anauliza kwa nini ameshuka. Akatapika pembeni ya barabara. Yolande akamshika kichwa.

Alipotulia, Yolande akamgeukia Léopold.

— Ile foto mulimupa nani?

— Hakuna. Ilikuwa mu simu yangu tu. Mi siwekaka foto ku internet wala fasi yoyote.

— Simu haijatoka mu mikono yenu hata siku moja?

— Kabla ya vita, nilikuya kutembelea dada, ikaanguka mu ndoo ya maji. Nikaipeleka kutengeneza kwa kijana mmoja mbele ya lycée yenu, karibu na kwa dada.

Yolande na Carine wakatazamana.

— Edouard, wakasema pamoja.

Edouard wa kibanda cha bluu. Aliwauzia walimu wote connexion ya internet, aliwawekea programu zote kwenye simu, na ile ya wachumba ikiwamo. Alijua nani anaishi na mama mjane, nani ana kaka Canada.

Walipofika mbele ya kibanda, kijana alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa matumbo. Akaona viatu vya watu watatu, akainua kichwa. Yolande. Carine. Na katikati yao, ile sura. Bisibisi ikamtoka mkononi.

— Bonjour, Edouard, Léopold akasema. Mi njo Willy. Inaonekana mi njo Patrick vilevile.

Kijana hakujaribu kukana.

— Walisema bataniua, akasema. Bale batu ba pikipiki. Walianza kwa kununua connexion tu. Kisha wakaniambia niwatafutie batu benye familia inje. Nikikataa, wanajua kwetu, wanajua maman yangu.

— Na mimi sina maman? Carine akamfokea. Pale kwa barrière ya njia kuna basoda na bunduki. Tumupeleke sasa hivi! Waone na yeye!

— Tukimupeleka pale, Léopold akasema chini chini, leo hakuna juge wa kumuhukumu. Hatutamuona tena.

— Asionekane tena!

Wakamtazama Yolande. Alimsogelea Edouard, na swali alilouliza halikuwa lile walilolitarajia.

— Siku za masasi. "Mi niko naogopa pamoja na wewe." Hiyo walikuambia uandike?

Edouard akatikisa kichwa. Machozi yakamshuka.

— Hapana, madame. Hiyo ilikuwa ya kwangu. Nilikuwa chini ya kitanda. Sikuwa na mutu mwingine wa kumuandikia.

Yolande akafumba macho. Alitamani sana iwe uongo, ingekuwa rahisi zaidi.

— Wako wangapi? akauliza mwisho.

— Benye kuandikiwa? Wengi.

— Keti. Chukua simu. Utaandikia kila mumoja, sasa, mbele yetu: "Mimi si huyu. Huyu mutu haiko. Usiende Cimpunda, usiende fasi yoyote." Kisha tutaenda wote kwa mukubwa wa avenue, wa huu mutaa, na kwa wazazi wako, na utarudilia kila kitu kwa kinywa yako.

Edouard aliandika. Carine alisimama juu ya kichwa chake, akisoma kila neno kwa sauti kama anasahihisha dictée ya darasa. Majibu mengine yalikuja ya matusi, mengine ya kilio, mmoja aliandika tu "Merci, nilikuwa nimekwisha kufunga mufuko." Kabla jua halijazama baba wa Edouard, mzee Ignace, alikuwa amesikia yote mbele ya majirani. Kesho yake aliwapandisha mama na kijana kwa shangazi yao kijijini, na kibanda cha bluu kikafungwa.

Jirani mmoja alimjua yule motard wa gilet, na vijana wa avenue walimngojea siku nyingi. Hakurudi upande ule.

Ingeweza kuishia hapo. Lakini Léopold aliendelea kupita. Mara ya kwanza alileta chupa ya mashanza, maziwa ya mgando ya kwao. Maman Marcelline alifungua mlango, akaona sura, akapiga makofi, akamkaribisha kwa lugha ya kwao.

— Docteur Willy! Asinge! Karibu, mutoto yangu, umekonda!

— Maman, Yolande akaja mbio kutoka jikoni, huyu si Willy. Willy haiko. Huyu anaitwa Léopold.

— Haiko namna gani? Si njo huyu wa foto?

— Foto ni yake. Maneno ilikuwa ya mwizi.

Mama alikaa kitako, akaelezwa mara mbili. Mwisho akabaki na swali moja.

— Na udocteur? Nao ni wa mwizi?

— Hapana, maman, Léopold akajibu. Udocteur ni wa kwangu. Ila ni wa ng'ombe.

Uso wa mama, Mushi wa kuzaliwa na kulelewa, kabila linalohesabu utajiri kwa ng'ombe, ukang'aa kuliko taa.

— Docteur wa ng'ombe! Yolande, mbona ulinificha? Ulisema ni docteur wa batu tu!

Léopold hakujua kuandika. Ujumbe wake ulikuwa wa neno moja. "Nimefika." "Mvua." "Ng'ombe amepona." Mwanzoni Yolande alicheka. Baadaye akagundua kwamba akisema amefika, amefika. Akisema saa nane, saa nane anapiga hodi. Wakawa wanatembea kando ya ziwa baada ya masomo, wakirudi mapema kama kila mtu siku hizo, na Olive akaanza kuuliza rangi ya vitambaa vya harusi.

Lakini moyo ulioumwa unaogopa hata kivuli. Siku moja Léopold alikuja bila kucheka.

— Yolande, ulipigia simu padri wa Kavumu?

Yolande akainamia mkoba wake.

— Ulimuuliza kama nimeoa, kama niko na bibi. Ulipigia na mukubwa wangu wa kazi. Na jirani wa dada.

— Nilikuwa na haki, Léopold. Unajua nimetoka wapi.

— Ulikuwa na haki. Lakini mimi niko hapa kila siku. Ungeniuliza. Ndiyo, miaka imepita, nilikuwa na bibi. Alikufa na mutoto mu tumbo, njia ya hospitali ilikuwa imefungwa na vita. Nilikuwa natafuta siku ya kukuambia. Sasa umeisikia kwa simu, kama habari ya soko.

— Léo...

— Mimi si Willy, Yolande. Siwezi kulipa dhambi ya mutu sababu tu alivaa sura yangu.

Akaenda Kavumu, njia ilikuwa imefunguka, na ng'ombe waliosalia wa wenyeji walimhitaji. Ujumbe wa "Nimefika" haukuja. Yolande aliungoja jioni, akaungoja asubuhi, akafundisha darasa zima akiandika kanuni ya maji vibaya ubaoni, mpaka wanafunzi wakamcheka.

— Basi rudi ku application, Olive akamtania.

Yolande akatoa simu, akaifuta programu ile mbele ya macho yake, bila hata kuangalia nani ameandika.

— Kesho naenda Kavumu.

— Peke yako? Na barrières zote zile?

— Na taxi. Safari hii nimemuambia kila mutu. Hata maman.

Alimkuta nyuma ya nyumba moja ya udongo, amelala ubavu kwenye majani, mkono mpaka begani ndani ya ng'ombe aliyekuwa akihema. Wenye ng'ombe walisimama kimya pembeni. Léopold alimwona, na hakusalimia.

— Mutoto amegeuka, akasema huku akibana meno. Shika ile kamba.

— Mimi?

— Wewe. Nikisema vuta, vuta polepole.

Yolande akavua mkoba, akashika. Viatu vyake vya shule vikazama matopeni.

— Vuta. Polepole. Simama. Vuta tena.

Walivuta mpaka mikono ya Yolande ikawaka, na ndama akatoka kwa mara moja, mzito, moto, ameloa, akawaangusha wote wawili. Kimya. Léopold akamsugua kwa majani, akampulizia puani. Ndama akapiga chafya. Mama mwenye ng'ombe akaanza kulia kwa furaha, akisema "koko, koko", asante ya kwao, kwa sababu ng'ombe wengine wote walikuwa wamechukuliwa na vita, na huyo alikuwa wa mwisho.

Yolande alibaki ameketi kwenye matope.

— Pole juu ya bibi yako, akasema. Na pole juu ya mutoto. Ilibidi nikuulize wewe. Niliogopa utajibu vizuri kama Willy.

Léopold akajifuta uso kwa kiwiko.

— Sijui kujibu vizuri.

— Njo ile nimekuya kutafuta.

Akacheka, lile cheko la kwenye picha, safari hii likiwa na mtu wa kulipokea.

— Basi uliza.

— Unanitaka?

— Nakutaka.

— Utanioa?

— Yolande! Mi njo ningesema hiyo.

— Ungesema mwaka gani?

Walioana wiki ya pili baada ya Pasaka. Kwa sababu ya hali ya mji, misa ilikuwa asubuhi na karamu ilikuwa mchana kweupe, watu wakicheza juani na jasho likitiririka, ili kila mmoja awe kwake kabla giza halijaingia. Ndugu za Léopold walio Goma walifika kwa boti. Mahari ilikuwa ng'ombe mmoja wa kweli na wengine wa ahadi, na Maman Marcelline alimkagua yule wa kweli meno na miguu. Carine alisoma somo la kwanza. Olive alilia kuliko bibi harusi.

Alasiri wakashika njia ya kwao Kavumu, wamebanwa kiti cha mbele cha gari la kukodi, robe nyeupe imejaa mpaka kwenye usukani. Kwenye kizuizi askari kijana aliinamisha kichwa dirishani. Akaangalia karatasi za Léopold, akaangalia sura yake, akamgeukia Yolande.

— Huyu ni nani yako?

— Ni bwana yangu.

— Tangu lini?

— Tangu leo asubuhi.

Askari akajaribu kubaki mkali.

— Na unamujua vizuri?

Yolande akamtazama Léopold: kola imelowa, ua limelegea kifuani, usingizi umeanza kumchukua baada ya siku nzima ya kusalimiana.

— Namujua, akasema.

Kijana akainua kamba, na gari likapita.